HAKI YA MZEE TUSIYEMJUA

Tumeulizwa na mmoja wa ndugu zetu wanaohudhuria darsa: "Mtu anapokwenda katika shughuli zake za kila siku, akamkuta njiani mzee asiyemjua, amelemewa au amepotea au amedhoofika, je, kumsaidia ni hisani tu, akitenda apata thawabu na akiacha hana dhambi? Au ni wajibu ambao ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu?" Muulizaji ameongeza kusema kwamba watu wa mji wetu wana huruma nyingi lakini wana haraka, na kwamba kila mmoja humwachia mwenziwe.

Swali hili ni zuri, na wakati wake umefika. Basi tumeona tulifanye kuwa somo letu, tueleze hukumu yake kwanza, kisha visingizio vya watu, kisha adabu za kusaidia, kwani mwenye kusaidia bila ya adabu aweza kudhuru naye adhani amefaa.

HUKUMU YAKE

Jawabu letu ni hili. Kumwokoa binadamu katika madhara ni fardhi kifaya, nayo ni ile fardhi ambayo wakiitimiza baadhi ya watu huwaondokea waliobaki, na wakiiacha wote huwa wote wana dhambi. Watu wa mji huu wayajua maneno haya kwa sababu ya maiti. Wajua kwamba kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya, na kwa hivyo likitangazwa jeneza maduka hufungwa na watu hujaa msikitini. Hili ni jambo zuri, nasi twawashukuru kwalo. Lakini twauliza: ikiwa mzee aliyekufa ana haki juu ya mji mzima, mzee aliye hai, mwenye kiu, asiyejua aendako, haki yake imekwenda wapi? Twamchukua mabegani akiwa maiti, wala hatumshiki mkono akiwa hai!

Tena maulamaa wamesema kwamba fardhi kifaya hugeuka ikawa fardhi aini juu ya mtu mmoja, iwapo hapana mwingine wa kuitenda illa yeye. Akizama mtu baharini, na pwani hapana ajuaye kuogelea illa wewe, kumwokoa kumekupasa wewe kwa jina lako. Na mzee ni vivyo hivyo. Ikiwa wewe ndiwe uliyemwona, ukatambua kwamba ana shida, na waliobaki wapita bila ya kujua au bila ya kujali, basi jambo limekwisha kukufikia. Wala haifai kusema, "Watu ni wengi, yuko atakayemtazama." Neno hili husemwa na kila mmoja katika hao wengi, na ndiyo maana mzee aweza kukaa kutwa mbele ya watu mia asitazamwe na hata mmoja.

Na tutazame vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi mna mlango wa kitu kilichookotwa, na baada yake mlango wa mtoto aliyeokotwa. Mwenye kuokota mfuko wa fedha, akitaka kuumiliki, yampasa autangaze mwaka mzima, masokoni na milangoni mwa misikiti. Na mtoto aliyeachwa asiye na wa kumtazama, kumwokota ni fardhi kifaya, na aliyemwokota yampasa aweke mashahidi ili haki za mtoto zisipotee. Wala hukumu hii haikuishia kwa mtoto: maulamaa wa madhehebu wamemtia humo pia mtu mzima aliyeondokewa na akili. Basi mzee aliyesahau nyumba yake na majina ya wanawe ana mlango wake katika fikihi kabla hatujazaliwa sisi. Na ikiwa mfuko wa fedha watangazwa mwaka mzima, yafaaje binadamu asitangazwe hata mchana mmoja?

MFANO WA NABII MUSA

Mwenye kutaka kuona jambo hili lilivyotendwa na bora wa watu, na asome habari za Nabii Musa katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, hana jamaa wala mwenyeji, amechoka kwa safari na hana chakula. Akawakuta watu kisimani wanywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wamewazuia wanyama wasiende majini. Akawauliza wana nini. Wakamweleza kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachunga waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Basi Musa akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini, akamwomba Mola wake.

Na tuyazingatie mambo manne katika kisa hiki. La kwanza, Musa mwenyewe alikuwa na dhiki kuliko wote waliokuwapo kisimani, na dhiki yake haikumzuia kuona dhiki ya wengine. La pili, aliuliza kabla ya kutenda. Hakudhani tu kwamba amejua haja yao. La tatu, mzee aliyekusudiwa kwa msaada ule hakuwapo hapo, na Musa hakupata kumwona. Ilimtosha kujua kwamba yuko nyumbani mzee asiyejiweza ambaye wanyama wake wana kiu. La nne, alipokwisha aliondoka. Hakusimama akingoja kushukuriwa, wala hakuwaambia watu wa Madyan nimefanya hivi na hivi. Mzee ndiye aliyemtafuta baadaye ili amlipe.

Na katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) dalili ni nyingi. Alipokombolewa mji wa Makka katika mwaka wa 8 wa Hijra, Sayyidna Abubakar alimleta babake, Abu Quhafa, mkongwe aliyekuwa amekwisha kuwa kipofu, ili asilimu mbele ya Mtume. Mtume hakupendezwa na mzee kusumbuliwa kwa mwendo. Alisema laiti angeachwa nyumbani, yeye Mtume angemwendea. Na siku hiyo alikuwa ndiye mshindi wa mji! Kadhalika Muadh bin Jabal aliporefusha kisomo cha sala ya isha, Mtume alimgombeza, kwa kuwa nyuma ya imamu wako wazee, na wanyonge, na wenye haja zao. Basi ikiwa sala, nayo ndiyo nguzo ya dini, yafupishwa kwa ajili ya magoti ya mzee, ni shughuli gani ya soko isiyoweza kungoja kidogo?

Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba kila kiungo cha mwili wa mwanadamu kina sadaka ya kutoa kila siku, na katika sadaka hizo ni kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake. Leo wanyama wetu ni matatu na tuktuk. Mwenye kumshika mkono bibi kizee akapanda matatu, na kumwekea kikapu chake ndani, na kumwambia utingo angoje hata akae, huyo ametoa sadaka ile ile, na haikumgharimu senti.

VISINGIZIO VYA WATU

Wako wasemao, "Mimi nina haraka." Twajibu kwamba mwenye haraka ya kweli, kama mwenye mgonjwa au mwenye kazi ya watu mkononi mwake, na amshike mwingine, amkabidhi mzee kwa maneno yaliyo wazi: "Wewe bwana, msimamie mzee huyu, mimi nakwenda kwa jambo hili." Mtu akiambiwa yeye kwa uso wake huona haya kukataa, na likisemwa neno kwa kundi zima kila mmoja hudhani ameambiwa mwenziwe. Ama haraka ya kuwahi barazani, hiyo si udhuru.

Wako wasemao, "Huyu si jamaa yetu," au, "Huyu si katika dini yetu." Hawa twawakumbusha habari aliyoipokea Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, katika Kitabul Kharaj. Sayyidna Umar alimpitia mzee kipofu akiomba mlangoni mwa watu. Akamuuliza yeye ni katika watu gani. Akasema ni Myahudi. Akamuuliza ni lipi lililomfikisha hapo. Akataja kodi, na haja, na umri. Umar akamshika mkono, akaenda naye nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akatuma kwa mwangalizi wa hazina kwamba mzee huyo na wa mfano wake waondolewe kodi na wapewe katika mali ya umma, kwani si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Basi Khalifa wa Waislamu hakuuliza dini ili aamue asaidie au asisaidie.

Wako wasemao, "Huyu ni mwanamke ajnabia, haifai kumgusa." Ndugu zetu hawa nia yao yaweza kuwa njema, lakini wameiweka hukumu pasipo mahali pake. Mwenye kuanguka huokolewa kwanza. Panapokuwa na nafasi, muite mwanamke aliye karibu amshike, au mpe ncha ya fimbo au mkono uliofunikwa na nguo ajitegemeze, au tembea mbele yake umfungulie njia. Haifai sheria iliyokuja kuhifadhi heshima ya mwanamke ifanywe sababu ya kumwacha bibi kizee chini juani.

Na wako wasemao, "Naogopa kusingiziwa, huenda ikasemwa nimemwibia." Hofu hii ina msingi wake, kwani matapeli ni wengi, na dawa yake imo katika fikihi ile ile tuliyoitaja: weka mashahidi. Muite mwenye duka au mtu mwingine, sema mbele yake, "Tumemkuta mzee huyu hapa, saa hii, ana mfuko huu na simu hii." Kwa neno hilo umeilinda mali yake na umeilinda heshima yako.

MZEE ALIYESAHAU

Katika wazee wote wa njiani, mwenye haki kubwa zaidi ni yule aliyepatwa na maradhi ya usahaulifu. Maradhi haya si uzee wenyewe, kwani wako wazee wa miaka 90 ambao akili zao ni kali kuliko zetu. Ni ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya watu, na kwa kawaida huanza kuondoa kumbukumbu za karibuni kabla ya zile za zamani. Mgonjwa husahau alichokula asubuhi, naye akumbuka jina la mwalimu wake wa chuoni. Huondoka nyumbani kwake akitafuta nyumba yake, kwa sababu nyumba anayoitafuta ni ya miaka 50 iliyopita.

Tumewahi kulishuhudia jambo hili hapa Mombasa. Mzee mmoja, kanzu yake safi na viatu vyake si vya namna moja, alikuwa akienda na kurudi katika Digo Road, ambayo yeye aliiita Barabara ya Salim. Alikuwa akiwauliza vijana njia ya daraja la Nyali. Wakimwelekeza daraja lililopo, akikataa, akisema yeye alitaka lile linaloelea. Vijana wakacheka. Hawakujua kwamba maneno yake yalikuwa ya kweli, kwani daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931, na likaachwa lilipojengwa hili jipya mwaka 1980. Mzee akasema kwamba yuataka kuvuka amuwahi mamake kabla ya magharibi. Hapo wakacheka zaidi.

Aliyemsimamisha ni bibi mmoja muuza viazi vya karai. Alimwamkia, "Shikamuu babu," akampa kiti chake mwenyewe na maji ya kunywa. Sisi tulipokuwa tukikaribia tulimsikia akimuuliza, "Na nyumba ya mama i karibu na nini, babu?" Mzee akaeleza kwa ufasaha: msikiti, na kisima mbele yake, na akamtaja mwalimu aliyekuwa akisomesha hapo. Bibi hakumwambia kwamba mamake amekwisha kufa, wala hakumwambia uongo. Alimuuliza tu, naye akajibu. Akamtuma mtoto msikitini na jina lile la mwalimu. Baada ya sala ya alasiri likatangazwa, na mtu mmoja wa makamo akalitambua, kwani babake alisoma kwa mwalimu huyo, na akajua ni watu gani wa Kisauni wanaoweza kuwa ni jamaa wa mzee. Simu zikapigwa. Karibu na magharibi mjukuu akaja mbio, nguo zimemlowa jasho. Babu yake alitoka nyumbani baada ya alfajiri, nao walikuwa wakimtafuta hospitalini na katika vituo vya polisi.

Na tuhesabu pamoja. Tangu alfajiri hata alasiri mzee huyu alipita mbele ya watu mamia, na wengine katika hao walikuwa wametoka kusali. Wote walimwona. Aliyeiondoa fardhi shingoni mwetu sote ni mwanamke ambaye siku hiyo viazi vyake vilipoa karaini asiviuze. Alipoambiwa na mjukuu apokee kitu, alisema, "Mpeleke akale kwanza."

MZEE SI MCHAWI

Twataka sasa kusema neno zito, nasi twalisema kwa sababu kulinyamazia ni hiyana. Mzee yule aliyepotea alipata bahati ya kupotea mchana, mjini. Lau angepotea usiku, akaonekana alfajiri katika ua wa watu, nguo zimemwanguka, hajui jina lake, wako ambao wangepiga kelele, "Mwanga! Mwanga amekamatwa!" Na yatokeayo baada ya kelele hizo twayajua.

Katika Kilifi, jirani zetu, wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma huwa na ugomvi wa ardhi: mzee ana shamba, na vijana wataka kuuza. Hali ilifika hata ikafunguliwa makao ya kuwaokoa wazee wa namna hiyo huko Kaya Godoma, katika Ganze. Wala jambo hili si la pwani peke yake. Mwezi wa Oktoba 2021, katika jimbo la Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma hiyo hiyo.

Ndugu zetu, macho mekundu ni ya moshi wa jikoni na ya umri. Kusema peke yake ni maradhi au upweke. Kutembea usiku ni katika alama za usahaulifu tulioueleza. Mwenye kuyafanya haya kuwa ushahidi wa uchawi amehukumu bila ya kadhi wala shahidi, na mwenye kumpeleka mzee kwa mganga ili "atolewe" ameongeza mateso juu ya maradhi. Kuua nafsi bila ya haki ni katika madhambi makubwa yaliyo mabaya kabisa, na mwenye kusimama akitazama, naye aweza kuzuia au kuita msaada, asidhani ameepukana na jambo hilo. Mzee akionekana katika ua wako usiku, mfunike nguo, mtie ndani au mweke barazani penye taa, waite jirani wawili wawe mashahidi, kisha umtafute mwenyewe. Huo ndio Uislamu wa saa hiyo.

ADABU ZA KUSAIDIA

Kwanza, mwamkie kabla ya kumgusa. Simama mbele yake akuone, kwani wengi wao hawasikii vizuri, na mwenye kushikwa ghafula kwa nyuma hushtuka akaanguka. Mwite babu, au bibi, au mzee wangu. Usiseme naye kama asemeshwavyo mtoto.

Pili, muulize haja yake na utende hiyo. Tumewaona watu wakimvusha barabara mzee ambaye hakutaka kuvuka. Kuvuka barabara, mpe mkono wako aushike yeye, wala usimburute kwa wake. Na mwendo uwe wake.

Tatu, mpe kivuli na maji. Mzee huona kiu kidogo kuliko haja yake, na joto la pwani humlegeza upesi. Lakini asiyejitambua, au asiyeweza kumeza, usimtie kitu kinywani. Ukimkuta atoka jasho la baridi, atetemeka na maneno yamchanganyika, yaweza kuwa ana maradhi ya sukari na sukari imemshuka. Akiwa yuameza, kinywaji chenye sukari humfaa, kisha apelekwe akatazamwe.

Nne, akianguka usimwinue kwa haraka. Muulize ni wapi paumapo. Akiwa hawezi kusogeza mguu, au mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, hiyo ni dalili ya kuvunjika nyonga. Mwache alivyo, mfunike, na uite msaada. Na ukiona uso umeteremka upande mmoja, au mkono umelegea, au ulimi umekuwa mzito kwa ghafula, hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani. Usimpeleke kwa mkandaji; mpeleke hospitali, au piga 999.

Tano, ihifadhi siri yake na mali yake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha za mzee zimo katika simu, na tangu 2018 wazee waliotimia miaka 70 wamefunguliwa mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hivyo wengi husimama mbele ya duka la wakala wakimpa simu yao mtu yeyote, "Mwanangu, nitolee." Akikupa nambari yake ya siri, mkataze. Mwonyeshe pa kubonyeza, kisha geuza uso wako aitie yeye mwenyewe; na asipoweza, mkabidhi kwa jamaa yake aliye mwaminifu. Mwenye kuichukua shilingi mia ya mzee asiyeona vizuri hana tofauti na mwenye kuiba mali ya yatima.

Sita, usimpige picha ya kumfedhehi. Ikiwa hapana budi picha itumwe katika simu ili jamaa zake wapatikane, uwe ni uso wake peke yake, baada ya kufutwa na kuvikwa vizuri, na maneno yawe ya heshima. Akipatikana wake, ifute, na waambie uliowatumia waifute.

Saba, usimwache nusu ya njia. Msaada wa mzee aliyepotea haukwishi kwa kumtia katika matatu na kumlipia nauli; hukwisha anapopokewa na mtu amjuaye. Asipopatikana mtu, apelekwe kituo cha polisi pamoja na shahidi, na uache jina lako na nambari yako.

NENO KWA MISIKITI NA MITAA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo na msaada kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Sisi twasema: haki hii iliandikwa kabla ya hapo katika dini yetu, na haiwezi kungoja Serikali peke yake, kwani mzee hupotea mtaani, na wa kwanza kumwona ni mtu wa mtaa.

Basi twapendekeza mambo mawili yasiyo na gharama. Kila nyumba yenye mzee aliyeanza kusahau ishone katika kanzu yake, au katika nguo za bibi, kipande cha kitambaa kilichoandikwa nambari ya simu ya mwanawe. Na kila msikiti uwe na daftari kwa muadhini, yaandikwe humo majina ya wazee wa mtaa ule wasiojiweza na nambari za watu wao, lihifadhiwe wala lisionyeshwe kila mtu. Fedha zinazokwenda katika karamu za siku moja zingetosha kwa madaftari ya misikiti yote, na zikabaki.

Huu ndio muhtasari wa somo: kumsaidia mzee tusiyemjua ni fardhi juu yetu sote, humlazimu zaidi yule aliyemwona, na haitimii mpaka awe amefika salama mikononi mwa watu wake, heshima yake haikupungua. Mwenyezi Mungu ametuumba katika unyonge, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu hutupa unyonge na mvi. Kila kijana apitaye kwa haraka leo aelekea huko, akijaaliwa umri. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona wazee wetu, na atupe katika uzee wetu watu watakaosimama.

Wabillahi taufiki.